Mwaka wa Kula Nanga

Watu wa Ujiji hawajawahi kusema langar. Wanasema nanga. "Jumapili tunakwenda kula nanga kwa Makalasinga," wanaambiana, na mgeni akisikia anabaki ameduwaa, anajiuliza hawa watu wana meno ya namna gani. Langar ni jiko la gurudwara, nyumba yetu ya ibada, na ni chakula chenyewe kinachopikwa humo. Kinaliwa bure. Yeyote anayeingia, awe nani, anaketi chini mkekani katika mstari mmoja na wenzake na kupakuliwa kilekile wanachopakuliwa wengine. Hilo ndilo neno sahihi, langar, lakini mimi nimezaliwa Kigoma na nimezeekea Kigoma, na nikiwa peke yangu jikoni hata mimi nasema nanga. Juma lililopita simu ilipigwa kutoka Kisumu kwamba Giani amefariki usingizini, mzee ambaye hata wanawe walishaota mvi. Giani ni jina la heshima la mtu anayesoma Kitabu chetu kitakatifu mbele ya watu na kukifafanua, na huyu wetu tulimwita hivyo tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Neno la kwanza lililonitoka halikuwa sala. Nilisema, "Maskini, hatakula nanga tena." Nikacheka, halafu nikalia, mwiko bado mkononi.

Kaka yangu Pritam amekuja kutoka Uingereza kwa ajili ya sala ya kumkumbuka. Alitua uwanjani na kapelo kichwani, akaivua ili anikumbatie, na mimi sikuweza kujizuia. "Kaka, mbona kimebaki kipara kitupu?" Akasema, "Zile za ujanani nilizikata mwenyewe. Hizi nyingine zimeondoka kwa hiari yao." Zaituni naye alitoka Ujiji kwa bodaboda, amepakata kiroba cha maharage kama mtoto. Zaituni ni shoga yangu tangu tukiwa wasichana, tulipika pamoja katika jiko hili kabla hata hajaolewa. Sasa ana wajukuu na anashika kiuno akiinuka, lakini akiingia jikoni mwangu anaanza kunipangia kazi papo hapo. Basi tukakaa watatu kwenye vigoda, tunachambua mawe kwenye maharage, na mazungumzo yakatupeleka kwenye mwaka ule wa Giani bila kuulizana njia. Habari za babu yetu aliyekuja na reli siziandiki. Kila Kalasinga wa nchi hii ana babu wa namna hiyo na hadithi zote zinafanana.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na jiko la gurudwara, alilolishika maisha yake yote, lilikuwa limeangukia mikononi mwangu. Baba alikuwa na karakana yake na huzuni yake, na kwa mambo ya jikoni alisema tu, "Fanya kama alivyofanya mama yako." Hofu yangu kubwa ilikuwa hiyo hasa: kwamba jiko la mama litafia mikononi mwangu. Lilikuwa chumba cha matofali ya kuchoma, bati limekuwa jeusi kwa moshi, dirisha moja linatazama reli na kipande cha ziwa. Humo tulipika maharage ya Kalinzi kwenye sufuria la kuweza kumwogeshea mtoto, tukayaunga kwa vitunguu, bizari na mawese, kwa sababu mama alisema maharage ya Kigoma bila mawese yananuna. Chapati tulisukuma mimi na Zaituni, tukibishana nani zake zina duara. Familia zetu nyingi zilikuwa zimekwisha hama, kwa hiyo mstari wa mkekani ulijaa watu wengine: akina mama wa Kikongo wauza vitenge, abiria waliokwama wakingoja treni, na Enoki, mlinzi wetu, Muha wa Kalinzi na Msabato wa kutupwa, ambaye kila alfajiri alinisalimu kwa Kiha "Mwakeye" kwa sauti ya kuamsha mtaa. Na kichwani mwa mstari, karibu na mlango, alikaa Mzee Rashidi, baba yake Zaituni, fundi wa kuunda mitumbwi pale Ujiji. Alikuja kila Jumapili na kofia yake nyeupe ya kufuma, akala taratibu, akanishukuru kwa jina la mama yangu. Wasiojua walidhani ni njaa inayomleta. Mzee Rashidi alikuwa na kwake, na kwake kulikuwa na chakula. Alikuja kwa sababu alipenda kukaa pale.

Giani aliletwa na treni, siku mbili baada ya siku aliyotarajiwa, na sanduku la bati na kilemba cha buluu ambacho hata vumbi la njiani lilikiogopa. Wazee wetu walikuwa wamemwomba aje akae nasi mwaka mmoja, maana tulikuwa hatuna msomaji. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, macho hayacheki, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu, cha kuamrisha kidogo. Lakini alipofungua Kitabu na kuanza kusoma, jamani! Nilikuwa nimesikia maneno yale tangu utotoni kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati. Siku ile niliyasikia kama maneno, moja moja, yananisemesha mimi. Alituamsha kabla ya jua, akatuoshesha sakafu upya kwa sababu tuliyoiita safi yeye aliiita ya bora liende. Alipojua kwamba sijawahi kusoma Kitabu mbele ya watu, alishangaa hadi akakasirika. "Nani alikukataza? Hapana mtu anaweza kukukataza. Mwanamke, mwanaume, wote wanasoma." Akanifundisha jioni kwa jioni, na kosa moja tu, hata la pumzi, lilinirudisha mwanzo wa ukurasa. Nilimpenda mzee yule. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuna watu wakisikia habari za mtu mkali wanamfanya shetani, na shetani hakuwa.

Ila jikoni alitutesa. Siku ya kwanza alifunika pua. "Hii nyekundu ni nini?" Nikamwambia mawese, mafuta ya michikichi, hayana mnyama ndani yake. Akasema hajawahi kuona langar ya mafuta mekundu, langar inapikwa kwa samli. Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya kujuana, na samli ya kuota. Tukapika maharage kwa maji na chumvi, yakanuna kweli kama mama alivyosema, na Enoki akayala huku akiniangalia kama mtu aliyefiwa. Halafu likaja hilo neno. Zaituni alimkaribisha, "Baba Giani, nanga iko tayari," naye akasimama. "Si nanga. Langar." Zaituni akasema, "La-nanga." "Langar!" "Langa," akasema Zaituni, na mimi nikaingiza uso ndani ya sufuria nisionekane. "Nanga ya nini?" akafoka Giani. "Kuna meli hapa?" Zaituni, ambaye Mungu hakumpa breki za mdomo, akanyoosha kidole dirishani. "Si ile pale, bandarini?" Basi ikawa kila Jumapili anasahihisha, mstari mzima, mtu kwa mtu, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Kwa mambo ya dini, kaka Pritam alikuwa upande wa pili wa ziwa kabisa. Alikuwa dereva wa lori la baba, safari za Kidahwe na Kasulu, na miezi michache kabla Giani hajafika alikuwa ameingia kwa kinyozi wa mtaa wa Mwanga na kutoka bila nywele, bila ndevu, bila kilemba. Kwetu nywele hazikatwi. Ni sehemu ya ahadi. Baba alikwenda karakana na kugonga chuma mpaka jua likazama. Mimi nililia, lakini nikisema kweli, kaka hakuwa na ubaya. Alikuwa na neno lake moja tu, na alilitumia kwa kila kitu: "Yote sawa tu." Msikiti, kanisa, gurudwara, yote sawa tu. Ufunge, usifunge, sawa tu. Ukimwuliza kwa nini basi anakuja kula Jumapili, anasema chapati zangu ni tamu. Giani alimwita "kijana wa sawa-tu", naye alimwita Giani "baba msumari", na mimi nilikaa katikati yao nikisukuma chapati. Nilikuwa nikimsikiliza Giani nasema ndiyo, ndiyo hasa, nikimsikiliza kaka nasema naye ana lake. Kila jioni nilikuwa nimechoka kuliko punda.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya kofia. Katika gurudwara kila mtu anafunika kichwa. Wanawake walikuja na vitenge vyao, wanaume wasio na kitu waliokota leso kwenye kikapu cha mlangoni. Lakini kofia, kwa desturi yetu, haikubaliki. Kilemba ndicho taji letu, wazee wetu walipata tabu kubwa kwa ajili yake, na kuingia na kofia mbele ya Kitabu ni kama kukidharau kilemba. Wazee wetu wa Kigoma walikuwa wamelifumbia macho jambo hilo miaka na miaka. Giani hakufumba. Jumapili moja alimsimamisha Mzee Rashidi pale mlangoni, akampa leso, akamwambia kwa adabu yote aliyokuwa nayo: "Mzee, vua kofia, funga hii." Mzee Rashidi aliitazama ile leso. "Nivue?" "Ndiyo. Ni sheria." Nilikuwa nimebeba beseni la chapati na moyo ulinipasuka. Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu Jasbir, leo nimeshiba," akarudi kuvaa ndala zake. Zaituni akatupa kibao cha kusukumia na kumfuata baba yake. Akina mama wa vitenge wakatazamana, wakainuka mmoja mmoja. Alibaki Enoki, kwa sababu ndiye mlinzi na hakuwa na pa kwenda.

Kaka aliona hapo nafasi yake. Giani alishikwa na malaria kali Jumapili iliyofuata, analala anatetemeka chumbani kwake, na Pritam akasema, "Niachie mimi. Nitawarudisha wote." Akaenda Ujiji, akaenda Kibirizi, akatangaza karamu kwa Makalasinga: njooni na kofia, njooni bila kofia, njooni na matumbo. Akaleta mbuzi tayari amechinjwa, akaleta samaki wa migebuka, akaleta na samaki mkubwa mweusi asiye na magamba anayeitwa singa, na utani haukukosekana, Singa kaleta singa. Nilimwambia, kaka, nyama haiingii jikoni humu, mama angekufa mara ya pili. Akanibusu kichwani. "Mama alitaka watu washibe. Yote sawa tu." Na watu walikuja, siwezi kukataa, walijaa kuliko siku yoyote. Mzee Rashidi alikuja pia, kwa heshima ya mwaliko, na Zaituni nyuma yake. Nami nikasimama na beseni langu nikatazama kilichotokea.

Kwanza Mzee Rashidi akauliza kwa upole, huyu mbuzi amechinjwa na nani? Kaka hakujua, alimnunua njiani. Basi Waislamu wakamweka mbuzi kando, wakavuta migebuka, wakakaa kwao barazani. Enoki akafunua sufuria la pili, akaona singa, akalifunika. Msabato hali samaki asiye na magamba. Akachukua chapati kavu akaenda kuila langoni, kwenye kiti chake cha ulinzi. Mzee mmoja wa kwetu, asiyegusa nyama tangu azaliwe, alikaa ndani peke yake mbele ya sahani tupu kwa sababu mchuzi wote ulikuwa umegusana. Marafiki wa kaka wa malori walikaa juu ya mapipa na kuchagua minofu. Akina mama wa Kikongo walikula mbuzi na singa vyote kwa raha zao, uani, na hakuna aliyewasogelea. Mkeka wetu mrefu ulikuwa umetandikwa palepale, mtupu. Zaituni alikuwa amesimama katikati na sahani yake, anageuka huku, anageuka kule. Akaniuliza, na hakuwa anatania, "Jasi, mimi nikae wapi?"

Nilimkasirikia kaka yangu kuliko nilivyomkasirikia Giani. Nilimvuta nyuma ya jiko nikamwambia yote. Akashangaa kweli. "Si wamekuja? Si wamekula?" Nikasema wamekula, hawakula pamoja. Nikamwambia ile sheria unayoiona ya bure, ya kutokuweka nyama, ndiyo iliyokuwa inamkalisha Mzee Rashidi ubavuni mwa Enoki. Maharage hakuna anayeuliza yamechinjwa na nani. Wewe umesema yote ni sawa, na tazama, kila mtu yuko na sufuria lake. Nililia kwa sauti. Kaka alisimama pale anajikuna kichwa chake cha kinyozi, halafu akaanza kukusanya masufuria bila kusema lile neno lake. Aliyaosha mwenyewe, yote, kwa majivu na mchanga.

Jumapili baada ya hiyo Giani alikuwa amepona, nami nilipika kama kawaida, sufuria limejaa, na hakuna aliyekuja; hata Enoki alibaki kwenye kiti chake langoni. Giani aliketi mwanzo wa mkeka. Nilipotaka kumpakulia alikataa. Langar hailiwi na mtu mmoja, alisema, mtu mmoja anakula nyumbani kwake. Akangoja. Adhuhuri ikapita, chapati zikakauka ukingoni, treni ikapiga honi na kuondoka na abiria wake wenye njaa. Nilikaa mkabala naye nikaona kwamba jiko la mama limekufa, na limekufa kama nilivyoogopa, mikononi mwangu. Nikapiga moyo konde. "Giani ji," nikamwambia kwa heshima, "sheria ya nyama inawakalisha watu. Sheria ya kofia imewainua. Mimi sijui kitabu kama wewe, lakini haziwezi kuwa na uzito mmoja." Nilidhani atanifukuza. "Na nikiachia hii," akasema, "kesho naachia ipi? Kaka yako alianza na wembe." Hakusema kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilisema tu, "Twende Ujiji."

Tulikwenda na lori, Pritam kwenye usukani, Giani katikati kilemba kikigusa paa, mimi dirishani. Mzee Rashidi alikuwa anakalafati mtumbwi pale mchangani, anaingiza pamba kwenye nyufa kwa patasi. Alitukaribisha vizuri kupita tulivyostahili. Zaituni akaleta chai ya tangawizi huku amevuta mdomo, lakini akaleta. Giani, ambaye nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hatakunywa, alikunywa. Kisha Mzee Rashidi akasema mwenyewe, maana wazee wa Ujiji hawazunguki sana: "Kofia hii siivui msikitini. Siivui mbele ya mkuu wa mkoa. Nitaivua kwa maharage?"

"Nami," akasema Giani, "kofia tupu siwezi kuipitisha."

"Na maharage yenyewe," akachomekea Zaituni, "siku hizi hayana hata mawese. Nanga gani hiyo?"

"Si nanga," akasema Giani kwa mazoea, "ni lan—" Akakatiza. Alikuwa anatazama mbele yake, kwenye mchanga, pale chuma kikubwa chenye kutu kilipolala na kamba yake. "Hiki mnaitaje?"

"Si ndiyo nanga, mzee," akasema Pritam.

Giani aliweka kikombe chini. Nilimwona usoni akipambana, na ukweli ukamshinda, maana mtu yule kusema uongo alikuwa hajui. "Katika Kipunjabi," akasema polepole, "hiki pia kinaitwa langar. Neno ni moja. Langar ya jikoni, langar ya meli." Mzee Rashidi akaweka patasi chini. "Ngoja nielewe," akasema. "Kumbe siku zote hizi unatusahihisha, na kosa hatuna?" Zaituni alianguka mchangani kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, kaka akashika mtumbwi asidondoke, na Giani, naapa, ndevu zikaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile. Alicheka vibaya, kwa kukoroma, kama mtu asiyekuwa na mazoezi.

Kicheko kilipotulia, Mzee Rashidi hakurudi kwenye patasi yake. Alikuwa ameshika neno jingine. "Umesema kofia tupu," akamwambia Giani. "Tupu. Je, isipokuwa tupu?" Giani hakuelewa. Mzee akaeleza kwamba marehemu baba yake, siku za Idd, alikuwa anafunga kilemba juu ya kofia, kofia chini, kilemba juu, na ndivyo walivyofanya watu wa heshima wa Ujiji zamani. "Sitavua. Lakini kuongeza, naweza kuongeza." Sheria ya Giani ilisema kichwa kifungwe kilemba au leso. Haikusema kitu kuhusu kilichoko chini ya kilemba. "Kilemba," akasema mwishoni, "nitakufunga mimi."

Jumapili iliyofuata baraza la gurudwara lilijaa watu waliokuja kushuhudia tu. Mzee Rashidi aliketi kwenye kiti, kofia yake imefuliwa imekaa sawasawa. Giani akatoa kwenye sanduku kitambaa chake mwenyewe cha buluu, kirefu kutoka mlangoni mpaka kwenye pipa la maji. Kitambaa cha kilemba lazima kivutwe na watu wawili kabla ya kufungwa, kila mmoja ameshika ncha yake, na kukunjwa kwa urefu. Giani akaangaza macho kutafuta mtu wa ncha ya pili. Akampa kaka yangu. Pritam akarudi nyuma hatua moja. "Mimi? Mimi sina hata nywele." "Nataka mikono," akasema Giani. Basi wakasimama, mmoja huku, mmoja kule. Kaka alivuta kwa nguvu, kitambaa kikamchomoka Giani mkononi. Akalegeza, kikaanguka chini kimekunjamana. "Sikia ninavyovuta," akasema Giani, "halafu vuta." Na mara ya tatu mikono ya kaka yangu ikakumbuka. Ilikuwa imefanya hivyo na baba kila asubuhi tangu utoto, na wembe wa Mwanga haukuwa umegusa mikono. Nilimwangalia baba, aliyekuwa amesimama nyuma ya nguzo. Alikuwa anafuta miwani yake, na miwani ilikuwa safi. Giani akazungusha kitambaa juu ya kofia nyeupe, pindo kwa pindo, mpaka kofia ikabaki kama mwezi mwembamba kwenye paji la uso. Mzee Rashidi akainuka, akaingia, akaketi kichwani mwa mstari. Enoki akaketi ubavuni mwake. Wenye kofia wengine wakazungushia leso juu. Tukapakua.

Nilikuwa nimetia mawese. Sikuomba ruhusa. Giani alionja, akanitazama, akaonja tena, akasema, "Kuna zaidi?" Alipoondoka mwisho wa mwaka alipanda treni na sanduku lake la bati mkono mmoja na dumu la mawese mkono wa pili, na barua zake zote za baadaye zilimalizikia kwa kuomba jingine. Kaka hakufuga nywele tena, na Giani hakuacha kuhuzunika kwa hilo, na walipendana hivyohivyo kwa miaka iliyobaki. Mimi nilishika. Nywele zangu, sala zangu za alfajiri, jiko lisilo na nyama, nimeshika yote, na sioni kwamba yote ni sawa tu. Siku hizi wajukuu zangu wananiletea kwenye simu watu wanaogombana, huyu anasema ukikosea uzi mmoja umetoka kwenye dini, yule anasema kila mtu na ukweli wake. Wananiuliza, bibi, nani yuko sahihi? Nawaambia wakanisukumie chapati kwanza. Nina furaha na maisha niliyoishi katikati ya wale wawili, na nisingechagua kukaa upande wowote.

Juzi, tulipomaliza kuchambua maharage, Zaituni alifungua mkoba wake akatoa kitambaa cha buluu kilichofifia, kimekunjwa vizuri, kinanukia udi. Mzee Rashidi alikuwa amekivaa kila Jumapili mpaka alipofariki, na kabla hajafariki alimwambia binti yake, kitu hiki ni cha nanga, kirudi kwenye nanga. Pritam alikipokea. Alikitandaza mapajani. Halafu huyu mzee mwenye kipara, aliyekwenda kwa kinyozi wa Mwanga nikiwa na miaka kumi na tisa, akaniambia, "Jasbir, Jumapili nataka kumsindikiza Giani kichwa kimefungwa. Utanishikia ncha?"

"Kwenye kipara hiki? Kitateleza."

"Nitavaa kofia chini," akasema.

Jumapili, kabla ya watu kuingia kula, tulisimama barazani, yeye huku, mimi kule, magoti yanatuuma wote. "Vuta," akasema. Nikavuta. "Taratibu basi, utaniangusha!" Nikalegeza. "Sasa umelegeza mno." Nikamwambia sikia ninavyovuta, halafu vuta, na hapo macho yakamjaa machozi akashindwa kuendelea, na mimi nikashindwa, tukabaki tumeshika kitambaa kilichonyooka kati yetu kama watoto wanaochezea kamba. Zaituni akatoa kichwa dirishani pa jiko.

"Nyie wazee," akasema, "ingieni mkae. Nanga inapoa."